Jina si Kipimo: Kuchagua Vifaa vya Kujaza Upya Risasi za Bastola Zinazofanana

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wetu walioko Marekani ni hili: "Ami, nimenunua kalibu za .38 Special. Je, zitanifaa kwa .357 Magnum, ama ninunue nyingine?"

Jibu fupi ni kwamba zitafaa. Jibu refu ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa sababu ndani ya neno hilo "zitafaa" kuna jambo linaloweza kumtoa mtu jicho.

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Kwa miaka kadhaa sasa naishi Columbus, jimbo la Ohio, ambako nafanya kazi katika duka la vifaa vya wawindaji na walenga shabaha. Kaunta yangu ni ya vifaa vya kujaza upya risasi. Huku hiyo ni shughuli ya kawaida, kama kwetu mvuvi anavyoketi chini ya mwarobaini akashona jarife lake mwenyewe. Mtu akimaliza kulenga shabaha huokota maganda, huenda nayo nyumbani, na jioni huyajaza tena. Wengine hufanya hivyo kuokoa pesa, wengine kwa sababu wanataka risasi iliyopimwa kwa mkono wao.

Najua wengi wanaosoma ukurasa huu wako nyumbani na bastola wameiona kiunoni mwa askari tu. Lakini watoto wetu wako huku. Wapo walioajiriwa ulinzi wenye leseni, na wapo waliofuatana na marafiki wa kazini hadi uwanja wa shabaha wakaipenda michezo hiyo. Siku mwanao atakapokwambia kwa simu kuwa amenunua "mashine ya risasi", ni vyema ujue la kumuuliza. Na wewe kijana mwenyewe, soma mpaka mwisho kabla ya kufungua pochi.

Sheria kabla ya chuma

Sheria ya shirikisho ya Marekani haimdai leseni mtu anayejaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe. Akianza kuzifanyia biashara, hapo amekuwa mtengenezaji, na atatakiwa awe na leseni ya shirikisho. Kwa hivyo usikubali kuwajazia rafiki zako kwa malipo, hata wakikubembeleza vipi. Baadhi ya majimbo nayo yameongeza masharti yao. Uliza ya jimboni kwako.

Jambo la pili ndilo linalowakuta wengi wetu bila kujua. Aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, kwa jumla amekatazwa na sheria ya shirikisho kushika bunduki, na amekatazwa kushika risasi vilevile. Ruhusa zilizoachwa ni chache, mojawapo ikiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani hafungwi na katazo hilo. Mwanafunzi anayedhani kuwa kwa sababu hana bunduki basi hana kosa, huku ana kopo la risasi chini ya kitanda, anacheza na masomo yake na makazi yake pamoja. Kama hujui hali ya karatasi zako, muulize wakili wa uhamiaji kwanza.

Na kwetu Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti kwa bunduki na inataka cheti kwa risasi pia. Haya ninayoyaeleza ni ya huku. Usiyajaribu Likoni wala Lamu. Na ukija likizo, usitumie begi lile unaloendea uwanja wa shabaha, maana risasi moja iliyojificha kwenye mfuko wa pembeni yatosha kukukalisha kituoni huku jamaa wamekungoja nje ya uwanja wa ndege na maua. Wala ganda tupu usilibebe kuwa ni ukumbusho.

Risasi ina sehemu nne

Neno letu "risasi" limebeba mizigo mingi. Ni jina la madini yale mazito, ni jina la kile kinachoruka kutoka mtutuni, na ni jina la kitu kizima kinachotiwa ndani ya bastola. Tusipotenganisha, tutachanganyikiwa. Kwa hivyo hapa nitasema hivi: "risasi" ni kitu kizima. "Ganda" ni kile kikombe cha shaba. "Kichwa" ni kile kinachoruka. "Baruti" ni unga unaoungua ndani. Na "fataki" ni kile kidude kidogo kilicho katikati ya kitako cha ganda, kinachopigwa na msumari wa bastola kikatoa cheche. Wazee wetu walilijua neno hilo tangu zama za bunduki za fataki.

Ganda lenyewe lina mdomo, lina ubavu na lina kitako. Kitakoni pana ukingo, na ukingo huo una kazi yake, nitaueleza.

Risasi ikishapigwa, fataki, baruti na kichwa vimekwenda. Ganda hubaki, ila limetanuka kidogo kwa nguvu ya mlipuko. Kulijaza upya ni kulirudisha katika kipimo chake, kung'oa fataki kuukuu na kutia mpya, kutia baruti iliyopimwa kwa mizani, kisha kukalisha kichwa kingine na kubana mdomo.

Kazi hiyo hufanywa kwa mashine yenye mkono wa kuvuta, inayofungwa kwa boliti juu ya meza. Upande wa juu huingia kalibu, nazo ni vyuma vya duara vyenye tundu la kipimo maalumu. Upande wa chini hukaa kishikio, kipande kidogo cha chuma chenye mfuo unaokamata ukingo wa ganda. Ukivuta mkono, kishikio hulipandisha ganda na kulisukumia ndani ya kalibu. Seti ya kawaida ya bastola ina kalibu tatu: ya kwanza hurudisha kipimo na kung'oa fataki, ya pili hupanua mdomo kidogo ili kichwa kiingie, ya tatu hukalisha kichwa na kubana mdomo.

Namba zinavyodanganya

Sasa turudi kwa swali la kijana. Risasi ya .38 Special ilitoka kwa kampuni ya Smith & Wesson mwaka 1898. Ukisikia .38 utadhani kichwa chake kina upana wa inchi 0.38. Sivyo. Kina inchi 0.357 au nywele moja zaidi, yaani kama milimita 9.1. Namba ya 38 imebaki kutoka enzi ambapo kichwa kilikuwa na unene sawa na ganda lenyewe, na ganda hilo kwa nje lina karibu inchi 0.38. Mtindo ukabadilika, jina likabaki.

Mwaka 1935 kampuni hiyohiyo ilitoa bastola ya .357 Magnum. Safari hii jina likafuata kipimo halisi cha kichwa. Kwa hivyo .38 Special na .357 Magnum, ambazo kwa jina ni kama watu wa miji miwili, ni ndugu wa nyumba moja: kichwa kimoja, ubavu mmoja, kitako kimoja. Kinachozitenganisha kwa macho ni urefu wa ganda tu. La .38 Special lina milimita 29.3, la .357 Magnum lina milimita 32.8. Tofauti yake ni kama milimita tatu na nusu.

Upande mwingine ziko zinazofanana kwa jina na hazipatani. Risasi ya .45 Colt ni ya mwaka 1873, imetengenezwa kwa rivolva. Risasi ya .45 ACP ni ya John Browning, na jeshi la Marekani liliichukua rasmi mwaka 1911 pamoja na bastola yake ya magazini. Vichwa vyao vina upana unaokaribiana mno, lakini la kwanza ni ganda refu la milimita 32.6 lenye ukingo uliotokeza nje, na la pili ni fupi, milimita 22.8, lenye ukingo uliolingana na ubavu. Kalibu mbali, kishikio mbali. Aliyenunua kwa kusoma "45" peke yake atarudi dukani kesho yake.

Ndiyo maana kila anayekuja kauntani kwangu namwambia: niletee ganda, usiniletee namba. Na kama ganda huna, soma maneno yote yaliyopigwa chapa kitakoni, si tarakimu tu.

Kinacholingana

Mashine yenyewe haina shida. Karibu kalibu zote zinazouzwa leo zina meno ya skrubu ya kipimo kimoja, upana wa inchi saba ya nane na meno 14 kwa inchi. Kalibu za Lee zitaingia kwenye mashine ya RCBS, na za Hornady zitaingia kwenye ya Lyman. Zipo chache zilizojitenga, kama mashine ya Square Deal ya Dillon, ambayo ina kalibu zake peke yake. Ukinunua mashine ya mkono wa pili, hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji.

Vishikio navyo huingiliana kwenye mashine nyingi za kawaida, lakini jihadhari na namba zao. Kila kampuni ina hesabu yake. Kishikio cha .38 Special na .357 Magnum kwa RCBS ni namba 6, na kwa Lee ni namba 1. Ni kitu kilekile, majina mawili. Mtu akikuazima kishikio akakwambia "ni namba moja", muulize: namba moja ya nani? Na mashine zile kubwa zinazojaza risasi kadhaa kwa mvuto mmoja hazitumii kishikio kidogo, zina sahani ya duara yenye mifuo mingi, na sahani ya kampuni moja haikai kwenye mashine ya nyingine.

Kwa kalibu, kwa kuwa .38 Special na .357 Magnum zina ubavu mmoja, seti moja hutosha kwa zote mbili, na mara nyingi utaona majina yote mawili yamechongwa juu yake. Ndivyo ilivyo pia kwa .44 Special ya mwaka 1907 na .44 Magnum ya mwaka 1955, ambazo vichwa vyake ni inchi 0.429. Na ndivyo ilivyo kwa .40 S&W ya mwaka 1990, ambayo ni mtoto aliyefupishwa wa 10mm Auto ya mwaka 1983.

Ushauri wangu hapa ni mmoja: chukua kalibu zenye pete ya kabaidi. Ni madini magumu sana, na pete hiyo huliteleza ganda bila mafuta. Kalibu ya chuma cha kawaida yataka kila ganda lipakwe mafuta kisha lifutwe. Kwa maganda mia mbili, hiyo ni jioni nzima.

Kisicholingana

Kalibu moja kufaa kwa risasi mbili hakuna maana kuwa utaiacha ilipo. Ile ya kwanza haibadiliki sana. Ya pili na ya tatu lazima zipandishwe au ziteremshwe kwa tofauti ileile ya milimita tatu na nusu, kwa sababu mdomo wa ganda refu unafika mapema. Aliyeiweka kalibu kwa .38 kisha akasukuma ganda la .357 bila kurekebisha ataliponda ganda likakunjana kama kikombe cha karatasi. Aliyeiweka kwa .357 akaleta la .38 atatoa risasi ambayo kichwa hakikukaa vizuri na mdomo haukubanwa. Zinauzwa pete nyembamba za kutilia chini ya kalibu ili kuziba tofauti hiyo. Ni za bei rahisi, na zinafaa.

Kubana mdomo pia kuna namna mbili. Risasi za rivolva, kama .38 na .357, husimama kwa ukingo wa kitako, kwa hivyo mdomo wake waweza kukunjwa ndani ukamkaba kichwa sawasawa. Na yafaa ukabwe, maana bastola inaporudi nyuma, kichwa kilicholegea hutambaa mbele na kuzuia silinda isizunguke. Lakini risasi za bastola za magazini, kama 9mm na .45 ACP, husimama kwa mdomo wenyewe ndani ya chemba. Ukiukunja mdomo kupita kiasi, ganda litazama mbele zaidi ya linavyotakiwa. Hizo hubanwa kwa kunyooshwa tu, mpaka ule upana ulioongezwa uondoke. Kalibu ya namna moja haifanyi kazi ya namna nyingine.

Fataki nazo zina saizi mbili kwa bastola, ndogo na kubwa. .38 na .357 zote hutumia ndogo. Lakini .40 S&W, pamoja na ujamaa wake na 10mm Auto, hutumia ndogo ilhali mwenzake hutumia kubwa. Seti ya kalibu ni moja, na kifaa cha kutilia fataki lazima ukibadilishe. Tena maganda ya .45 ACP, yaliyozoeleka kwa fataki kubwa, siku hizi mengine hutengenezwa kwa ndogo. Ukiyaokota uwanjani yakiwa yamechanganyika, yatenge kabla hujaketi.

Na kuna jozi ambayo huwapotosha vijana wetu kuliko zote: 9mm na .380 ACP. Katika habari za nyumbani wamezoea kusikia "bastola ya milimita 9", na mtu akiwaambia .380 pia ni ya milimita 9, ni kweli. Vichwa vya zote mbili ni inchi 0.355. Kwa Ulaya, .380 huitwa 9x17 na ile nyingine 9x19, yaani urefu wa ganda kwa milimita. Lakini kitako cha .380 ni chembamba zaidi, na ubavu wa 9mm hupungua kidogo kidogo kuelekea mdomoni. Kwa hivyo kalibu ni mbili na vishikio ni viwili. Kijana mmoja wa Malindi alikuja kwangu akiwa ameshaambiwa na rafiki yake kuwa "tisa ni tisa". Nilimwekea maganda mawili juu ya kaunta, nikampa kishikio kimoja, nikamwacha ajaribu mwenyewe. Moja likaingia likacheza kama jino bovu, na jingine likakaa kimya.

Milimita tatu na nusu zina kazi gani?

Hapa ndipo penye moyo wa makala haya. Ile .357 Magnum haikurefushwa kwa urembo. Ganda la .38 Special linaruhusiwa shinikizo la pauni 17,000 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari dogo lina pauni thelathini na kitu, kwa hivyo hiyo tayari ni kama mara 500. Na .357 Magnum inaruhusiwa pauni 35,000, zaidi ya maradufu. Waliotengeneza walijua kuwa nchi imejaa rivolva za .38 zilizorithiwa kutoka kwa mababu, na kwamba mtu akitia risasi ya Magnum ndani yake chuma kinaweza kupasuka mkononi. Wakalirefusha ganda ili likwame. Risasi ya Magnum haiingii yote katika silinda ya .38, na silinda haifungiki. Lakini .38 huingia bila taabu katika rivolva ya .357, na haina madhara, ila huacha masizi ya kusafisha. Kwa .44 mambo ni hayohayo: .44 Special ina pauni 15,500, .44 Magnum ina 36,000.

Yaani zile milimita tatu na nusu ni kufuli. Kiwanda kimeifunga, na mpigaji hata akiwa mjinga wa mambo, kufuli inamlinda.

Sasa kijana ameketi kwenye meza yake na seti moja ya kalibu. Mbele yake ana maganda ya .38 na kopo la baruti kali ya Magnum. Vichwa ni vilevile, kishikio ni kilekile, mashine haimwambii kitu. Akitia kipimo cha Magnum ndani ya ganda la .38, atakuwa ametengeneza risasi yenye nguvu ya Magnum inayoingia kwa ulaini katika bastola ya .38. Kufuli ameivunja yeye mwenyewe, na kwa macho hakuna atakayejua.

Wapo wazoefu watakaokwambia kuwa wao hufanya hivyo, kwa kuwa bastola waliyo nayo ni ya .357 na wanajua wanachokifanya. Mimi sikubaliani nao. Risasi huishi miaka mingi kuliko kumbukumbu ya aliyeijaza. Kopo huhamishwa, mwenyewe huhama mji, bastola huazimwa, siku moja mtoto wake hurithi vyote viwili. Kitakachomwongoza mrithi ni maandishi ya kitakoni tu, na maandishi hayo yatasema .38 Special. Ganda la .38 lipate kipimo cha .38 kutoka kwenye kitabu, na la Magnum lipate cha Magnum.

Ningenunua nini

Kama unapiga .38 peke yake, au .357 peke yake, nunua seti moja ya kabaidi, uiweke, uifunge kwa nati yake, usiiguse tena. Kama unapiga zote mbili kila mwezi, nunua kalibu ya tatu mara mbili, moja kwa kila urefu, kila moja imefungwa kwenye kipimo chake na kupakwa rangi yake. Kama mfuko waruhusu, chukua mashine yenye kichwa cha kuzunguka, ambapo kila risasi ina kichwa chake chenye kalibu zilizokwisha kupangwa. Hapo hupimi upya kila jioni, na kisichopimwa upya hakikosewi.

Mizani usiipunguzie bei. Baruti hupimwa kwa greni, na pauni moja ina greni 7,000, kwa hivyo greni moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Kijiko cha chai hakina kazi hapa. Kisha nunua kitabu cha vipimo kilichochapishwa na kampuni ya vifaa au ya baruti, na uanze kwa kipimo cha chini kilichoandikwa. Kipimo ulichotumiwa kwa simu na rafiki, bila jina la baruti wala uzito wa kichwa, kifute.

Kwa .38 Special kuna hatari yake ya peke yake. Ganda hilo ni kubwa kuliko mahitaji yake, kwa sababu nyingi ya risasi za zama zake zilipangiwa baruti nyeusi ya kizamani, iliyojaza ganda. Baruti ya leo huhitaji kiasi kidogo, na ganda hubaki na nafasi. Ukitia baruti, ukaitwa mlangoni, ukarudi ukatia tena, mara mbili hizo zitaenea ndani bila kumwagika. Dawa yake ni mbili: chagua baruti yenye kujaza nafasi, ili ukizidisha mara mbili imwagike uione, na kabla ya kukalisha vichwa mulika tochi ndani ya kila ganda. Mezani pawe na kopo moja la baruti tu. Simu iwe chumba kingine.

La mwisho ni la watoto. Fataki nyingi na vichwa vingi vina yale madini yenyewe yanayoitwa risasi, na vumbi lake hubaki kwenye maganda, mikononi na mezani. Madaktari hawajui kiwango chochote cha madini hayo katika damu ya mtoto kilicho salama. Wengi wetu huku twakaa vyumba viwili vya kupanga na watoto watatu. Kama mahali pekee ulipo napo pa kuweka mashine ni meza mnayolia wali, basi huna pa kuiweka. Nunua risasi za dukani, upige chache. Mwenye nafasi yake, aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kushika mtoto au chakula, na nguo za kazi azifue mbali.

Hivyo kijana aliyeniuliza kama kalibu zake zitafaa nilimwambia zitafaa, aongeze pete ya bei rahisi na kitabu. Kisha nikamwomba anioneshe kadi yake ya kijani kwanza. Alicheka akaitoa. Wewe usiye nayo, hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kujua namba ya kishikio.